Vayoleti ya Usambara kwenye nyumba za Lamu: dalili, sababu zake na la kufanya

Kaskazi ikishika tu simu yangu hujaa picha. Majani yamelala kwenye ukingo wa chungu, majani yana madoa, vitumba vimedondoka kabla havijafunguka, na chini yake swali lile lile, dada hii imekufa ama bado ina roho? Mara nyingi bado ina roho. Nimelea vayoleti hapa Lamu miaka 11 sasa na matatizo yanayonifikia kutoka Mkomani, Shela, Mpeketoni mpaka Malindi na Mambrui ni yale yale, kwa hivyo nimeyapanga kwa dalili, utafute yako usome hapo, lakini hizi aya mbili za mwanzo zisome kwanza maana bila hizo mengine utayafanya kwa kubahatisha.

Huu si mmea wa pwani wa juani kama asumini au mkadi. Ni ua la porini la milimani, la msituni, na ni la kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala upande wa Tanga na Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona akaupeleka kwa babake Ujerumani, na 1893 Hermann Wendland akaupa jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu wakauhamishia kwenye ukoo wa Streptocarpus, kwa hivyo ukiona majina mawili usichanganyikiwe ni mmea mmoja. Na ile vayoleti ya Ulaya si ndugu yake kabisa, wanafanana rangi tu. Kule Usambara hushika kwenye miamba yenye kivuli, juu ya kile kizulia cha kijani kinachoota mawe yakiwa mabichi kila siku, mizizi mifupi myembamba imekaa kwenye mboji ya kiganja kimoja. Mvua ikinyesha maji yanapita, yanachuruzika, hayasimami, na jua likifika chini limeshachujwa na miti. Haufi baada ya kutoa maua na hauna msimu wa kulala, majani yana manyoya laini yamejipanga duara kama sahani, ua lina petali tano na katikati vifuko viwili vya njano vya chavua. Kenya pia tuna ndugu zake, mmoja yuko Mbololo kule Taita na mwingine yuko karibu na sisi kabisa, kwenye miamba ya chokaa ya Kilifi kama pale Cha Simba.

Sasa kila ukiona tatizo, uliza, hapa nilipouweka pana tofauti gani na ule mwamba?

Kabla hujagusa kitu

Inua chungu kwa mkono mmoja. Kikiwa kizito kina maji, kikiwa chepesi kama kikombe kitupu kimekauka. Tia kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha kwanza. Tazama sahani ya chini kama imebaki na maji. Halafu geuza jani moja uangalie mgongo wake kwenye mwanga. Dakika mbili tu, na nusu ya wanaonipigia wangekuwa wameshapata jibu.

Majani yamelegea na udongo umelowa

Hii ndiyo inayoua nyingi kushinda zote, na ndiyo inayodanganya watu, mtu akiona majani yamelala anadhani ni kiu, anaongeza maji, kesho yamelala zaidi, anaongeza tena. Mizizi imeshazama, haina hewa, imeoza, na mzizi uliooza haunywi hata ukiutia kisimani. Mmea unakufa kiu ndani ya maji.

Sababu ya kwanza karibu kila mara ni kumwagilia kwa saa badala ya kwa haja, kila asubuhi kama kumwagilia mchicha. Ya pili ni sahani isiyomwagwa. Ya tatu ni udongo, watu wanachota udongo wa shamba wanajaza, ukishalowa unashikana kama udongo wa kukandika nyumba. Ya nne chungu kikubwa, mtu anaona mmea wake mzuri anauonea huruma anaupa nafasi, na nafasi yenyewe inakuwa bwawa. Kipenyo cha chungu kiwe kama theluthi moja ya upana wa mmea, basi, mmea wa sentimita 30 unatosheka na chungu cha sentimita 10.

Cha kufanya kwanza ni rahisi, mwaga maji ya sahani, usimwagilie, weka pahali penye hewa uache udongo ukauke juu. Baada ya siku tatu nne kama haujainuka, utoe nje ya chungu. Usiogope. Mzizi mzima ni mweupe na una ugumu kidogo, mzizi uliooza ni wa rangi ya chai na ukiuvuta kwa vidole viwili ganda linateleza linabaki mkononi, ndani unabaki uzi mwembamba kama wa kushonea kofia. Kata yote ya hivyo kwa mkasi safi, toa na majani ya chini kabisa, panda upya kwenye chungu kidogo na udongo mpya mwepesi, ufunike na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kivulini, wiki mbili. Udongo wa zamani utupe, usiurudie hata kwa mmea mwingine.

Acha kujaribu ukiona kitovu chenyewe, pale majani yote yanapotokea, kimekuwa laini cha kahawia na majani yanang'oka bila kuvutwa. Hapo fangasi imefika moyoni na hakuna dawa ya kurudisha. Chukua jani moja zima la safu ya kati, nitaeleza mbele, kilichobaki tupa.

Na kama udongo ni mkavu kweli na chungu ni chepesi, hiyo ni kiu ya kawaida. Weka chungu ndani ya bakuli la maji dakika 30, kinywe kutoka chini, kisha mwaga yanayobaki. Jioni utakuta umeinuka.

Kingo za majani zimeungua, kuna ukoko mweupe, vikonyo vinaoza

Hii ni ya kwetu hasa, watu wa Nairobi hawaijui kama sisi tunavyoijua. Ni munyu, yaani chumvi.

Mimi nilipoteza vyungu sita kwa mwaka mmoja kabla sijaelewa. Vilikuwa vya udongo wa kuchoma, vizuri, nimevipanga kiwandani, yaani uani katikati ya nyumba, na kila mmea majani ya chini yalikuwa yanaanguka moja moja. Siku moja nikalishika jani moja nikaligeuza nikaona kwenye kikonyo, pale pale kilipolalia ukingo wa chungu, kidonda cha rangi ya kutu kama alama ya kamba kwenye mguu wa punda, na ukingo wenyewe ukiupitisha kidole unakwaruza, umeota unga mweupe mgumu. Chungu cha udongo kinanyonya maji kinayatoa ukingoni, maji yanakauka munyu unabaki, na kikonyo kilivyo laini kinaungua pale.

Sababu kwa utaratibu wake: maji ya kisima ndiyo ya kwanza. Mji wa Lamu tunategemea maji yaliyo chini ya matuta ya mchanga ya Shela, na visima vingine vya majumbani viko karibu sana na bahari, ukame ukizidi na watu wakivuta sana ladha inabadilika, wewe mwenyewe ukipika chai unaionja. Ya pili ni makumbi, na hapa wengi wanashangaa. Tunasikia kwamba makumbi ya nazi ni mazuri kwa vayoleti, na kweli ni mazuri, lakini mtu anaenda kuchukua yale yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya usumba wa kusokota kamba, yameloweshwa maji ya bahari miezi, anayatia moja kwa moja. Ya tatu ni mbolea nyingi, pamoja na samadi mbichi ya punda. Ya nne ni upepo wa bahari kwa wanaokaa ukingoni kabisa.

Pima maji yako hivi, chemsha kikombe kimoja kwenye sufuria safi mpaka yakauke yote. Kikibaki kiwingu chepesi sawa, kikibaki ukoko mnene unaokwaruzika maji hayo usiyatumie. Yawe ni munyu au chokaa, yote mawili mmea huu hauyapendi kwa wingi.

Tumia maji ya mvua. Wazee wetu walijenga majabia, yale matangi ya kuwekea maji ya mvua, kwa akili, na hata kama huna jabia, ndoo mbili chini ya kopo la paa wakati wa masika zinatosha vayoleti kumi muda mrefu, zifunike tu mbu wasizae. Maji ya mfereji kule Malindi yanayotoka Baricho kwenye mto Sabaki siyo ya munyu lakini yana dawa ya kusafishia maji, yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha.

Kama mmea umeshaungua, uoshe udongo wake: weka chungu juu ya karai, mimina maji ya mvua polepole kutoka juu yatoke chini, kiasi cha mara tatu nne ya ujazo wa chungu, uache uchuruzike kabisa. Rudia kila mwezi. Ukingo wa chungu ufute kwa kitambaa kibichi, kisha uupake nta ya mshumaa au uuzungushie karatasi ya foili, au hama tu kwenye kopo la plastiki, si zuri kwa macho lakini mmea unashukuru. Makumbi yaloweke maji baridi siku nzima, mwaga, rudia mara tatu au zaidi mpaka maji yatoke hayana ladha wala rangi nzito.

Kuna aliyeniuliza, mbona yule wa Cha Simba anaota kwenye chokaa? Anaota kwenye mwamba unaooshwa na mvua kila masika, hakuna sahani chini yake. Na hizi zetu za vyungu ni mbegu zilizochanganywa kwa zaidi ya miaka mia moja huko ng'ambo.

Majani mazuri, maua hakuna

Mwanga. Naweza kuacha hapo na tisa katika kumi ingekuwa sawa.

Nyumba zetu za mawe zina kuta nene na zimejengwa kuzuia jua, alhamdulillahi kwa joto la Machi, lakini vayoleti kwenye kidaka cha ndani, kile kishubaka cha ukutani, inakaa gizani. Najua inapendeza pale kati ya sahani za kizamani, inapendeza mwezi mmoja. Dalili yake ni vikonyo kurefuka na majani kuinuka juu kama mikono inayoomba. Jaribu hivi saa sita ya mchana, weka kiganja juu ya mmea kwa umbali wa sentimita 30. Kivuli kisipoonekana ni giza. Kivuli kikiwa cheusi chenye makali ni jua kali. Unachotaka ni kivuli hafifu, chenye ukungu. Kwa hizi nyumba pahali pake ni kiwandani chini ya ukuta ambao jua halipigi, au dirisha la mashariki linalopata jua la asubuhi mpaka kama saa mbili tu. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni kama masaa 12 mwaka mzima, kwa hivyo urefu wa siku si tatizo, tatizo ni ukali wa mwanga. Wenye umeme wa uhakika taa nyeupe ya LED sentimita 30 juu, masaa 12 mpaka 14, halafu uizime kabisa, usiku wa giza inauhitaji.

Mwanga ukiwa sawa na bado hakuna maua, angalia joto. Inapenda nyuzi 18 mpaka 26, na sisi mwezi wa pili mpaka wa nne mchana tunapita 30, kwa hivyo nyingi hupumzika kutoa maua kipindi hicho na hurudi kusi ikivuma. Huo si ugonjwa. Mbolea ya kukuzia majani nayo hufanya hivyo, ile ya mahindi na urea haina kazi hapa, tumia ya maua, robo ya kipimo cha kwenye pakiti. Mwisho angalia vitoto vinavyoota ubavuni mwa mmea, vikiachwa vinagawana nguvu, ving'oe kwa ncha ya penseli vikiwa vidogo.

Vitumba vinadondoka kabla ya kufunguka

Hewa kavu ya kaskazi ndiyo ya kwanza, panga vyungu juu ya sinia la kokoto lenye maji kidogo, chungu kisiguse maji. Feni inayopuliza moja kwa moja ni ya pili. Ya tatu watu hawaiwazii, ni maembe na ndizi. Matunda yakiiva hutoa gesi, na vayoleti ikiinusa inaangusha maua, moshi wa jiko na gesi inayovuja pia hufanya hivyo. Dada mmoja wa Malindi alihangaika msimu mzima wa maembe, chungu chake kiko kwenye meza ya jikoni kando ya kapu. Alikihamisha sebuleni tu. Lakini kama huna matunda karibu na unasikia harufu ya gesi, achana na maua, funga mtungi wa gesi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, toka nje uite fundi.

Madoa na pete za njano au nyeupe kwenye majani

Maji baridi yameanguka kwenye jani lenye joto. Yale manyoya hushika tone, na jani likipoa kwa ghafla rangi ya kijani inakufa pale pale kwa umbo la tone. Maji ya friji ndiyo mabaya zaidi, ila hata ya mtungini alasiri ya joto yanaweza. Tumia yaliyokaa chumbani, mwagilia kwa chini au kwa utambi wa kamba ya nailoni. Doa halifutiki, jani linabaki hivyo lakini halienezi. Madoa makavu ya kahawia ni jua. Yakiwa yanazidi kila siku na yamelowa, tenga mmea na ukate hayo majani.

Majani ya katikati yamejikaza, madogo, yana kijivu

Hapa nakuomba uwe makini. Kama majani mapya yanatoka mafupi, magumu na mepesi kukatika, yamejikunja ndani na manyoya yamesongamana, ni utitiri, vidudu vidogo hata macho hayavioni. Sababu nyingine mbili ni mwanga wa karibu mno na mbolea nyingi, kwa hivyo kwanza sogeza mbali taa, osha udongo, ngoja wiki tatu. Majani mapya yakitoka mazuri haikuwa utitiri.

Yakizidi kujikaza, simama. Usinyunyize dawa ya mende wala ya mbu, dawa nyingi za wadudu haziui utitiri na wewe unalala chumba hicho hicho. Mmea wenyewe ufunge kwenye mfuko uutupe, jani lake usilichukue la kupandia, na unawe mikono kabla hujagusa mwingine, mikono ndiyo inayoueneza. Kama una nyingi na hutaki kuzipoteza, peleka picha na jani lililofungwa vizuri kwa afisa kilimo wa wodi au agroveti anayejua kazi, akupe dawa ya utitiri yenye lebo na akueleze kipimo. Mimi niliununua mmoja mzuri sana na sikuutenga, ukanimalizia tisa. Tangu hapo mgeni yeyote anakaa peke yake wiki sita.

Kuna weupe juu ya mmea

Tofautisha. Ukiwa ni unga uliopakwa juu ya jani na maua, ni ubwiri unga, sababu yake ni hewa iliyosimama, tenganisha vyungu, fungua dirisha, ondoa majani yenye unga. Ukiwa ni vipamba vilivyojificha kwenye makutano ya vikonyo na vinanata, ni wadudu. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ya duka la dawa, gusa kidudu kimoja kimoja, rudia kila siku tano mara nne. Spiriti inashika moto haraka, fanya mbali na jiko na mshumaa, kivulini. Mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na maji na tone la sabuni yanasaidia pia, jaribu jani moja kwanza. Vipamba vikiwa kwenye mizizi usipigane navyo, chukua jani uanze upya.

Na kwa wenye paka, ambao hapa Lamu ni sote, vayoleti haina sumu kwa paka. Dawa ulizonyunyizia zinaweza kuwa nayo.

Shingo ndefu, mmea umekuwa kama mnazi

Ni umri, majani ya chini yamedondoka shina limebaki wazi. Kwangua shina taratibu kwa kisu, kata sehemu ya chini ya mizizi kiasi cha urefu wa shingo, uushushe kwenye chungu kile kile mpaka majani yakalie udongo. Mizizi mipya itatoka shingoni.

Kuanza upya kwa jani, na ya porini yaache

Jani zima la safu ya kati, kikonyo ukikate kimshazari kibaki sentimita 2 au 3, chomeka kwenye makumbi yaliyooshwa yenye unyevu, funika na gilasi kubwa, mwanga hafifu. Mizizi ni wiki tatu au nne, vitoto vya kwanza vinachungulia baada ya miezi miwili mitatu. Vikifika ukubwa wa sarafu ya shilingi 20 vitenganishe.

Kuna watu huniuliza kama waende Cha Simba wakang'oe. Hapana, tafadhali. Ziko kwenye vipande vidogo vya mwamba, na yule wa Mbololo yuko hatarini kabisa kutoweka, ukitoa mmoja huenda umetoa sehemu kubwa ya waliobaki kwenye jiwe lile. Omba jani kwa jirani, mimi mwenyewe natoa majani bure kila masika. Na ukipata mmea Tanga usiuvushe mpaka wa Lunga Lunga ndani ya kikapu, mimea inayoingia nchini inataka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mmea kutoka ulikotoka, waulize kabla ya safari.